Dawa ya Meno kwa Meno Yenye Ganzi: Tyubu Mbili kwa Miezi Minne

Jino lililonifanya nianze kusoma maandishi madogo ya nyuma ya makasha ya dawa ya meno ni la chonge, la juu, upande wa kushoto. Kila nilipokunywa maji yaliyotoka kwenye friji, uchungu mwembamba na mkali ulipenya kwenye shina la jino hilo ukapanda hadi chini ya jicho, ukadumu kwa muda wa pumzi moja, kisha ukatoweka bila kuacha alama. Baada ya wiki chache nilijikuta ninakunywa kwa upande mmoja wa kinywa, ninafumba midomo nikitembea kwenye upepo wa alfajiri, na ninasukutua kwa maji ya uvuguvugu kama mtu aliyeng'olewa jino jana. Ndipo nilipoamua kununua dawa zinazouzwa mahususi kwa ajili ya hali hiyo na kuzitumia kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, nikiandika kila wiki kilichobadilika na kisichobadilika.

Wengi wetu tunaiita hali hii ganzi ya meno, na neno hilo lina kichekesho chake, kwa kuwa ganzi ni pia ile sindano ya daktari inayoua hisia zote: jino linalohisi kupita kiasi na jino lisilohisi chochote yamepewa jina moja. Hapa ninazungumzia lile linalohisi kupita kiasi.

Haiwezekani kuzipima dawa hizi kwa haki bila kujua zinapambana na nini. Sehemu ya jino iliyo juu ya fizi imefunikwa na enameli, ambayo ndiyo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu na haina hisia hata kidogo. Chini yake kuna dentini, ambayo imetobolewa na vijirija vyembamba mno, maelfu kwa maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vinavyoelekea kwenye kiini cha jino mlimo na mishipa ya fahamu. Vijirija hivyo vimejaa majimaji. Enameli ikilika, au fizi ikirudi nyuma na kuuacha mzizi wazi, midomo ya vijirija hubaki bila kifuniko. Ubaridi, joto, utamu, uchachu au hata pumzi ya hewa huyasogeza majimaji yale, na msogeo huo ndio unaoiamsha mishipa ya fahamu. Maelezo haya yalipata nguvu kutokana na majaribio ya Martin Brännström wa Uswidi katika miaka ya 1960, na ndiyo yanayokubalika zaidi hadi sasa. Yanaeleza pia kwa nini uchungu huja ghafla na kuondoka ghafla, kwani majimaji yakitulia, maumivu nayo yamekwisha.

Kwa hiyo mtengenezaji wa dawa ana njia mbili: kuinyamazisha mishipa ya fahamu huko ndani, au kuiziba midomo ya vijirija huku nje. Nilinunua tyubu moja ya kila njia. Majina ya kampuni nimeyaacha makusudi, kwa sababu kiambato kilekile huuzwa kwa majina mengi na makasha ya rangi nyingi, na mnunuzi anayekariri jina badala ya kiambato anaweza kurudi nyumbani na tyubu yenye jina alilolitaka lakini yenye kiambato kingine kabisa. Hilo lilinipata mimi mwenyewe. Kampuni moja ilikuwa na tyubu nne zilizofanana kama ndugu wa tumbo moja, zote zikidai kutuliza meno, na mbili kati yake zilikuwa na viambato tofauti.

Kipimo changu hakikuwa cha maabara, ila nilikishika bila kuruka. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kula chochote, nilichukua glasi ya maji yaliyolala kwenye friji, nikayashika maji upande wa kushoto wa kinywa huku nikihesabu hadi tano, kisha nikaandika daftarini namba kuanzia 0 hadi 10 kulingana na ukali wa maumivu. Jumapili ya kwanza, kabla ya dawa yoyote, niliandika 8, na nilifika tatu tu katika kuhesabu.

Lipo jambo linalochafua kidogo matokeo yangu, na ni haki msomaji alijue mapema. Kabla ya kuanza nilikwenda kwa daktari wa meno ili kuhakikisha kwamba sina jino lililooza wala lenye ufa, na katika mazungumzo aliniomba nimwoneshe mswaki wangu. Ulikuwa mswaki mgumu wa wiki tatu tu, lakini nyuzi zake zilikuwa zimelala pande zote kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Hakusema mengi. Alinipa kioo kidogo, akavuta shavu langu, akanionesha juu ya lile jino la chonge, pale fizi ilipokuwa imepanda, mfereji mdogo wa rangi ya njano uliochimbwa kwa kusugua, na aliponiambia niupitishe ukucha nilihisi wazi kingo zake. Tangu siku hiyo ninatumia mswaki laini, ninaushika kwa ncha za vidole kama kalamu badala ya kuukamata kwa ngumi, na sehemu ya nafuu nitakayoisimulia hapa bila shaka ni ya mswaki huo.

Tyubu ya kwanza ilikuwa na nitrati ya potasiamu kwa kiwango cha asilimia 5, pamoja na floraidi ya kawaida ya kuzuia kuoza. Kiambato hiki si kigeni: daktari wa meno Mmarekani Milton Hodosh alichapisha habari zake mwaka 1974, na leo kimo katika dawa nyingi za aina hii. Inaelezwa kwamba potasiamu hupenya polepole kupitia vijirija, hujikusanya karibu na mishipa ya fahamu, na kuifanya ishindwe kupeleka taarifa ya maumivu. Neno la kuzingatia hapo ni polepole. Dawa yenyewe inapendeza kutumia: ni nyeupe na laini, ina ladha ya mnanaa isiyochoma, inatoa povu la kiasi, na asiyejua asingeitofautisha na dawa yoyote ya kila siku. Wiki ya kwanza niliandika 8, ya pili 8, na nilikuwa karibu kuitupa. Wiki ya tatu ikawa 6, ya nne 5, na kufikia wiki ya nane nilikuwa nimekwama kwenye 4.

Namba hizo si mbaya, lakini zina udhaifu mmoja. Katika wiki ya sita nilisafiri kwa siku tano bila tyubu yangu, nikatumia dawa ya kawaida niliyoikuta nilikofikia, na niliporudi glasi ya Jumapili ilinirudisha kwenye 6. Nafuu ya potasiamu, kwa uzoefu wangu, ni ya kukodi. Ukiacha kulipa, inaondoka. Ni vema pia kujua kwamba mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba, mwaka 2006 hayakupata ushahidi wenye nguvu wa kuthibitisha kwamba dawa za potasiamu zinafanya kazi. Sisemi hivyo ili kumkatisha tamaa aliyezitumia akapona, kwani mimi mwenyewe nilishuka kutoka 8 hadi 4, ila ninakumbuka kwamba katika wiki zilezile nilikuwa nimeuacha mswaki mgumu, na sina njia ya kuzitenganisha sifa za viwili hivyo.

Tyubu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Kiambato chake ni floraidi ya stanasi, yaani floraidi iliyoungana na madini ya bati, kwa kiwango cha asilimia 0.454. Bati hilo huacha juu ya dentini tabaka jembamba la madini lisiloyeyuka kwa urahisi, ambalo huingia katika midomo ya vijirija na kuiziba. Floraidi yake hulinda jino lisioze, na bati lenyewe hupambana na bakteria wa kwenye utando wa meno, kiasi kwamba fizi zinazotoka damu kwa urahisi nazo hupata nafuu. Kazi tatu katika tyubu moja ni mali, na kwa mtu ambaye ganzi yake imetokana na fizi zilizorudi nyuma, kazi hiyo ya tatu si ya ziada.

Lakini kuitumia si starehe. Siku ya kwanza nilidhani nimeuziwa dawa iliyoharibika. Ilitoka kwenye tyubu ikiwa nzito na yenye chengachenga, ikagoma kutoa povu, na baada ya dakika mbili ilikuwa imeacha kinywani ladha ya mtu aliyenyonya kijiko cha chuma. Ladha hiyo ilikaa hadi nilipokunywa chai, na chai yenyewe ikaonja kama imepikwa kwenye kopo. Kufikia mwisho wa wiki ya pili ulimi ulikuwa umezoea, ila nakiri kwamba nyumbani kwangu hakuna mtu mwingine aliyeigusa mara ya pili. Kasoro nyingine ilijitokeza mwezi uliofuata: mstari wa kahawia hafifu nyuma ya meno ya mbele ya chini, mahali ambapo mswaki wangu hufika kwa uvivu. Madoa ya namna hiyo ni tabia inayojulikana ya floraidi ya stanasi, hasa kwa wanywaji wa chai na kahawa. Yako juu ya jino na huondolewa kwa kusafishwa na daktari, lakini anayejali weupe wa meno kuliko kila kitu ajue mapema.

Sasa namba. Nilianza nayo nikiwa kwenye 4. Wiki ya pili niliandika 3, wiki ya nne 2 kwa meno mengine, na tangu wiki ya sita meno yote ya upande wa kushoto yamekuwa kwenye 1 au 0, isipokuwa lile la chonge lililokataa kushuka chini ya 3. Nilipoiacha kwa wiki moja ili kuipima kama nilivyoipima ile ya kwanza, namba haikupanda. Ni kweli kwamba tyubu ya pili ilikuta kazi imeanzwa na ile ya kwanza, na huenda ningezibadilisha zamu hadithi ingekuwa nyingine kidogo. Hata hivyo, ile wiki moja ya kutoitumia ndiyo iliyonishawishi, kwa sababu kilichozibwa hubaki kimezibwa kwa muda, ilhali kilichonyamazishwa huamka.

Kuna aina ya tatu niliyoionja kwa siku chache tu, yenye arjinini kwa kiwango cha asilimia 8 pamoja na kabonati ya kalisi. Nayo huziba vijirija. Niliipaka kwa kidole juu ya jino la chonge na kulisugua taratibu kwa dakika moja, na dakika chache baadaye niliweza kunywa maji ya baridi bila kukunja uso. Nafuu hiyo ilipungua kesho yake. Maandishi makubwa ya mbele ya kasha yaliahidi nafuu ya papo hapo, na ni maandishi madogo ya nyuma yaliyofafanua kwamba ahadi hiyo inahusu kupaka kwa kidole. Anayepiga mswaki kama kawaida anapaswa kusubiri kama anavyosubiri kwa dawa nyingine. Hilo ni dosari ya uaminifu zaidi kuliko ya dawa.

Hakuna tyubu kati ya hizi inayoweza kufanya kazi ikitumiwa kama nilivyokuwa nikitumia dawa ya meno maisha yangu yote. Nilizoea kumaliza kupiga mswaki kisha kusukutua kwa vikombe vitatu vya maji hadi ladha yote itoke, yaani nilikuwa ninanunua kiambato na kukimwaga kwenye sinki asubuhi na jioni. Utaratibu sahihi ni kutema povu na kuacha kilichobaki kiendelee na kazi, bila kusukutua. Wiki ya kwanza nilihisi kama mtu aliyeoga akasahau kujisuuza, na kwa dawa ile ya ladha ya chuma ilikuwa adhabu hasa, lakini usiku ndio wakati wenye manufaa zaidi, kwa sababu mate hupungua mtu akilala na dawa hukaa mahali pake kwa saa nyingi.

La pili ni uchachu, na hapa ndipo nilipogundua kwamba mswaki haukuwa mkosaji peke yake. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na mazoea ya kunywa maji ya uvuguvugu yenye limau kila asubuhi, kwa funda ndogondogo, nikisoma, kwa karibu saa nzima, kisha ninakwenda moja kwa moja kupiga mswaki. Enameli huanza kuyeyuka uchachu wa kinywa unapofika pH ya 5.5 hivi na kushuka chini yake (pH ni kipimo ambacho namba yake hushuka kadiri uchachu unavyozidi), na dentini iliyo wazi huyeyuka hata kabla ya hapo, wakati maji ya limau yako chini sana ya kiwango hicho. Kwa saa nzima nilikuwa ninalainisha meno, na mara tu yalipolainika niliyasugua kwa mswaki mgumu. Mtu angeniagiza nibuni njia ya kuyamaliza meno yangu, nisingepata iliyo bora zaidi. Siku hizi limau nimeliacha. Matunda machachu ninayala pamoja na chakula badala ya kuyatafuna siku nzima, soda nikiinywa ninaimaliza kwa mkupuo na kufuatisha maji matupu, na mswaki unasubiri angalau nusu saa. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara ana uchachu unaotoka tumboni, nao hula meno vilevile; huyo anahitaji kutibiwa tumbo kwanza, la sivyo atanunua tyubu hadi achoke.

Sharti niseme neno pia kuhusu dawa za kung'arisha meno, kwa kuwa niliitumia moja kabla ya haya yote na ninaishuku. Ukwaruzaji wa dawa ya meno juu ya dentini una kipimo chake, ambacho kikomo chake kinachokubalika ni 250, na dawa zenye namba ya chini ndizo zinazofaa kwa mizizi iliyo wazi. Kasha la dawa yangu ile, lililokuwa na nafasi ya kuchora nyota nne na tabasamu moja, halikupata nafasi ya kuandika namba hiyo. Anayetumia dawa ya kutuliza asubuhi na ya kung'arisha yenye mchanga jioni anajenga ukuta mchana na kuubomoa usiku.

Dawa hizi hazimfai kila mwenye maumivu. Ganzi ninayoizungumzia hukoma mara ubaridi unapoondoka. Maumivu yanayoendelea kwa dakika kadhaa baada ya maji kumezwa, yanayomwamsha mtu usiku, yanayokuja pale anapouma kitu kigumu au anapokiachia, au yanayoandamana na uvimbe, yana asili nyingine: tundu, ufa, kiini kilichovimba au jipu, na tyubu yoyote itakayopunguza makali yake itakuwa imemchelewesha mgonjwa. Makasha mengi yanaonya kwamba dawa isitumike zaidi ya wiki nne bila ushauri wa daktari wa meno, na kwamba watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe bila ushauri huo. Onyo hilo nililiona la kawaida tu hadi nilipofikiri ni wangapi wanaoutuliza ufa kwa mnanaa. Anayesaga meno usingizini naye hatapata mengi kutoka kwenye tyubu, bali atapata zaidi kutoka kwenye kifaa cha kuvaa usiku kinachotengenezwa kwa vipimo vya kinywa chake.

Kwa hiyo, nikiulizwa ni ipi ninunue, ninajibu ile ya floraidi ya stanasi, pamoja na ladha yake na madoa yake. Ya potasiamu ninampendekezea mtu asiyevumilia ladha ya madini, au ambaye ganzi yake ni ya muda tu, kwa mfano aliyetoka kung'arishwa meno kwa daktari na anajua kwamba maumivu yatapita. Ya arjinini ninaiweka kwenye mkoba wa safari.

Limebaki lile jino la chonge. Lilipogoma kwenye 3 kwa wiki tano mfululizo nilirudi kwa daktari, naye akalikausha kwa pamba na kulipaka vanishi ya floraidi, kitu cha manjano kinachonata kama utomvu, chenye floraidi nyingi mara kumi na zaidi kuliko ya kwenye tyubu, akanikataza vyakula vigumu na mswaki hadi kesho yake. Nafuu ilikaa wiki chache, kisha ikaanza kupungua, na safari iliyofuata aliuziba ule mfereji kwa kijazo cha rangi ya jino, kazi iliyochukua muda mfupi na haikuhitaji hata sindano. Jumapili iliyopita niliandika 0. Hata hivyo, maji yakiwa kinywani, bado ninayapeleka kwanza upande wa kulia, yakae huko kidogo, ndipo niyaruhusu yavuke.